Karamu ya Sangara, Igulumi

Sehemu ya tisa

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, mambo yamefika hapa.

Justina aliondoka Kagongwa mikono mitupu baada ya kibanda chake cha mchele kuteketea. Akaolewa na Donatus, mwenyekiti wa kitongoji cha Ng'ambo, kijiji cha Igulumi, upande wa Ushirombo. Akapata kazi ya kutunza stoo ya pembejeo za pamba ya chama cha ushirika, akadhani mikosi imemchoka. Kumbe ilikuwa imekaa pembeni inapumzika.

Lambo la Igulumi lilikuwa na sato tangu lichimbwe. Mtu mmoja akamwaga humo vifaranga vya sangara kutoka ziwani, akitaka samaki wakubwa bila kutoka jasho. Sangara wakala sato, wakala furu, wakala vifaranga wa bata, mwisho wakaanza kulana wao kwa wao. Wilaya ikamleta afisa uvuvi, Bi Euphrasia, ambaye kijiji kilimpa jina la Madamu Samaki. Akasema dawa ya sangara ni mdomo. Wavuliwe, waliwe, wakubwa kwa wadogo, mpaka lambo lipumue na sato warudi. Akaweka Jumapili tatu za karamu, na kitongoji kitakachoshinda kwa kilo kichimbiwe kisima cha pampu.

Jumapili mbili zikapita, Ng'ambo wakiwa wa mwisho. Na Ng'ambo ndio pekee wasiokuwa na maji mengine zaidi ya lambo lenyewe.

Tulisimama pale Alhamisi, Donatus alipofika mlangoni pa stoo na kumwomba mkewe chupa sita za dawa ya pamba.

Justina alijua.

Pamba ya Donatus ilikuwa imeshapasuka, shamba jeupe, wavunaji wako ndani wiki ya pili. Hakuna mtu anayepulizia pamba anayoivuna. Mkulima mwingine angekuja na ombi kama hilo mwezi wa sita, Justina angemcheka na kumfungia mlango.

Alimuuliza mumewe anakwenda kupuliza nini. Donatus akatazama upande wa lambo, kisha akarudisha macho kwenye funguo zilizokuwa mkononi mwa mkewe.

"Mama Ritha," akasema, "wewe unataka kuchota maji pamoja na ng'ombe mpaka lini?"

Hilo tu. Justina akafungua. Akatoa chupa sita, akazitia kwenye kiroba cha mbegu, akamkabidhi bila kumtazama usoni. Baadaye alijitetea moyoni kwamba hakuambiwa chochote. Ni kweli, hakuambiwa. Lakini pia hakutaka kuambiwa, na hapo ndipo dhambi yake ilipokaa.

Ijumaa asubuhi aliteremka lamboni na ndoo. Kabla hajafika majini akahisi kuna kitu kimepungua. Alisimama, akasikiliza, akatambua ni vyura. Kila asubuhi upande wa Ng'ambo vyura hupiga kelele mpaka mtu ashindwe kusikia anachoambiwa na mwenzake. Siku hiyo hapakuwa na hata mmoja.

Lambo lina mkono mwembamba unaoingia kwenye matete, na inajulikana kwamba sangara wakubwa hujificha humo. Mdomo wa huo mkono ulikuwa umezibwa kwa viroba vya udongo. Justina akasogea. Vyura walikuwa wanaelea katikati ya matete, matumbo juu, weupe kama vipande vya mihogo. Mbele kidogo korongo mmoja alikuwa amelala topeni, mbawa zimetanuka, kichwa ndani ya maji.

Mwigulu, mdogo wake Donatus, alikuwa anapandisha tenga la pili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota. Akamsalimia shemeji yake, akamweleza kwamba kaka yake aliwahi sana, yeye ameitwa kubeba tu, amekuta samaki wamerundikwa ukingoni tayari. Mungu amewakumbuka watu wa Ng'ambo, alisema.

Justina akawatazama wale samaki. Midomo haikuwa na jeraha la ndoano. Magamba hayakuwa na alama ya wavu.

Akageuka na ndoo tupu. Akatembea mpaka kisima cha kitongoji cha Senta, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na nyumbani akasema lambo limechafuka. Kwa siku mbili alihakikisha binti yake Ritha na mama mkwe wake wanakunywa maji ya Senta tu. Donatus naye aliyanywa hayo hayo, bila kuuliza kwa nini safari hii maji yametoka mbali.

Majirani waliendelea kuchota lamboni. Justina aliwaona wakipita na ndoo zao vichwani, akawasalimia, akanyamaza.

Jumamosi alasiri samaki walipimwa mbele ya ofisi ya kijiji. Senta wakaleta wa kwao, kitongoji cha Kanisani wakaleta wa kwao. Ng'ambo wakaleta matenga saba. Mizani ililala upande mmoja. Wanawake wa Ng'ambo wakaanza kuimba kabla hata kilo hazijatajwa, na mama mkwe wa Justina, ambaye goti lake lilimsumbua mwaka mzima, akaingia katikati kucheza.

Madamu Samaki aliwauliza wametumia nyavu gani. Donatus akajibu ni za kuazima. Yule mama akainua shavu la sangara mmoja kwa kidole, akalitazama kwa muda, akainua la mwingine. Pengine angeuliza zaidi. Lakini mtendaji wa kijiji alikuwa anamvuta mkono aje atangaze mshindi, watu wanapiga makofi, na siku ilikuwa ya furaha. Akaliacha shavu lile likajifunika.

Justina aliona yote hayo. Hakupiga makofi, wala hakuimba, wala hakusema. Usiku wake mume na mke walilala migongo ikitazamana, kila mmoja akijua mwenzake yuko macho.

Jumapili akaamka na neno moja kichwani. Kuungama.

Padre Nestory hufika kigango cha Igulumi mara moja kwa mwezi, na siku anayofika huketi sakristia kabla ya Misa kusikiliza watu. Siku hiyo ndiyo iliyochaguliwa kwa karamu ya mwisho, kusudi abariki chakula. Justina alisimama kwenye foleni nyuma ya bibi wawili. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Atamwambia Padre. Padre ataizuia karamu kwa sababu yoyote atakayobuni, nani atabishana na Padre? Samaki watamwagwa, Donatus hatafungwa, naye atakuwa ameondolewa dhambi. Alijishangaa kwa nini hakuliwaza mapema.

Alipiga magoti, akasema yote. Dawa, vyura, korongo, maji ya Senta, majirani. Akamaliza kwa kumwomba Padre azuie watu wasile.

Justina alisikia wanakwaya wakijaribu sauti upande wa pili wa ukuta.

"Mama," Padre akasema, "niliyoyasikia hapa siwezi kutoka nayo. Siwezi kumwambia mpishi. Siwezi kupindua sufuria. Siwezi hata kukataa sahani."

Justina akadhani hajaeleweka. Akaeleza tena kwamba watu watakula leo hii, watoto wakiwemo. Padre akamjibu kwamba ameelewa tangu mwanzo. Siri ya kitubio haiangalii ukubwa wa jambo. Lakini iko njia moja, akasema. Justina anaweza kumpa ruhusa. Akitamka kwamba anamruhusu kulisema nje, atainuka pale pale na kulisema, na hatamtaja jina mtu yeyote.

"Unaniruhusu?"

Justina akafikiri. Dawa ya pamba Igulumi inatoka stoo moja. Stoo ina seti moja tu ya funguo. Funguo anazo yeye, na mumewe ndiye aliyeleta matenga saba. Padre asipomtaja mtu, ni sawa na amewataja wote wawili.

Alimwona Donatus amefungwa pingu nyuma ya gari. Alimwona Ritha akiulizwa shuleni. Alijiona yeye mwenyewe akirudi Kagongwa, safari hii hata bila kibanda cha kuungua.

"Hapana, Padre," akasema.

Padre hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba yeye mdomo wake umefungwa, wa Justina haujafungwa, na kati yao wawili ni mmoja tu atakayekuwa huru mle uwanjani. Akamwambia pia kwamba hawezi kumpa ondoleo kwa dhambi ambayo bado iko jikoni inapikwa. Aende, akirudi baada ya kusema atamkuta hapo hapo.

Justina akatoka sakristia akiwa mzito kuliko alivyoingia.

Misa ilikuwa ndefu. Injili ilisomwa, hakuisikia. Padre alihubiri kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba mtu anaweza kubeba jambo kama lile na sauti isitetemeke. Harufu ya vitunguu na mafuta ya moto ilikuwa inaingia madirishani. Watoto wa mbele walikuwa wanageuka geuka.

Baada ya Misa watu wakamiminika uwanjani. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa. Mama Loveness, mpishi mkuu, alikuwa na sufuria nne za mchuzi na mbili za kukaanga, na ugali wa mtama uliopangwa kama vilima. Meza ya mbele waliketi Padre, Madamu Samaki, mtendaji, na Donatus kama mshindi. Donatus alikuwa amevaa koti lake la harusi. Uso wake ulikuwa wa kijivu, watu wakasema ni uchovu wa kuvua.

Madamu Samaki alisimama kusema maneno machache. Alisema zamani watu walimwuliza dawa ya kuua hawa sangara, naye akakataa, kwa sababu dawa haichagui. Mdomo unachagua. Leo Igulumi imeonyesha kwamba watu wanaweza kuokoa maji yao kwa kula tu. Wakampigia makofi.

Padre akabariki chakula. Sala yake ilikuwa ndefu kidogo kuliko desturi. Aliposema amina, alitulia, kama mtu anayesubiri mwingine aseme kitu. Hakuna aliyesema. Akaketi.

Mama Loveness mwenyewe ndiye aliyempelekea sahani ya kwanza. Kipande cha tumbo, mchuzi umejaa, ugali wa moto pembeni. Padre akamshukuru. Akanawa mikono. Akakata tonge, akaliviringisha taratibu, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba.

Justina alikuwa amesimama na wanawake waliokuwa wakigawa sahani. Alimtazama Padre usoni, akitafuta ishara. Padre hakumtazama. Hakuna mtu aliyemtazama. Tonge likachovywa.

Hapo miguu ya Justina ikaondoka yenyewe.

Alifika mezani, akaweka kiganja chake juu ya sahani ya Padre, mchuzi ukamchoma.

"Msile," akasema. "Hawa samaki wameuawa kwa dawa ya pamba. Niliitoa mimi stoo."

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini meza ya mbele ilinyamaza, na kimya kile kikatembea mpaka nyuma kabisa. Mtu mmoja akatema. Mama mmoja akamnyang'anya mtoto wake kipande. Kisha watu wakaanza kusimama, viti vikaanguka.

Padre Nestory akarudisha tonge kwenye sahani.

"Sasa nimesikia," akasema, "kama wengine wote walivyosikia."

Justina hakuwa amemtaja mumewe. Alikuwa ameamua njiani, katika hatua zile chache, kwamba atabeba peke yake. Mtendaji alikuwa ameshaanza kumwuliza alimpa nani hiyo dawa, na yeye ameshafunga mdomo, Donatus aliposimama.

"Alinipa mimi," akasema. "Lakini kaeni chini. Waliopo humo kwenye sufuria si wale."

Akaeleza mbele ya watu wote. Alimwaga chupa sita kwenye ule mkono wa matete alfajiri ya Ijumaa, baada ya kuuziba kwa viroba ili sumu isitoke kwenda kwenye maji makubwa. Alitaka kilo tu. Alitaka kisima. Samaki walipokwisha kupimwa na ushindi kutangazwa, alimwambia Mama Loveness kwamba wa Ng'ambo wamelegea kwa jua, wapikwe wa Senta na Kanisani peke yao. Matenga saba akayapeleka nyuma ya shamba lake jua linazama, akayafukia kwenye shimo la zamani la watafuta dhahabu. Hakuna aliyekusudia mtu ale sumu. Alifikiri Ng'ambo watapata pampu, mvua itakuja, na hadithi itaishia hapo.

Mama Loveness akathibitisha. Alisema hata alinung'unika, maana sufuria nyingine mbili zimebaki bila kazi.

Watu wakashusha pumzi. Wengine wakaanza kumtukana Donatus, wengine wakamcheka kwa hofu iliyokuwa inatoka. Hakuna aliyerudi kwenye sahani. Mchuzi ulipoa mezani na mafuta yakaganda juu.

Madamu Samaki peke yake hakushusha pumzi. Alikuwa amekaa mikono mapajani, kama mtu aliyepigwa na ndugu yake. Akasema kwa utulivu kwamba viroba vya udongo havizuii sumu siku mbili, vinaichelewesha tu. Akauliza nani anayeweza kuwahi ng'ombe, maana saa saba ilikuwa imekaribia, na saa saba ndiyo saa ya makundi kuteremka kunywa. Vijana wa Senta wakakimbia upande wa josho, wa Kanisani upande wa barabara. Katekista akatumwa Ng'ambo kupita mlango kwa mlango, amwage kila ndoo.

Kisha Madamu Samaki akamgeukia Donatus.

"Nionyeshe hilo shimo."

Walikwenda watano: Madamu Samaki, mtendaji, Padre, Donatus, na Justina nyuma yao. Pamba iliyobaki shambani ilikuwa inawashika nguo. Mume na mke hawakuwa wamesemezana tangu Alhamisi, na sasa walikuwa wanatembea bega kwa bega kwa sababu njia ilikuwa hiyo moja.

"Ungeniuliza samaki wale wamekwenda wapi, Mama Ritha," Donatus akasema chini chini.

"Ungeniambia," akajibu Justina.

Donatus ndiye aliyefika wa kwanza. Akasimama ukingoni, na Justina akaona koti la harusi likishuka mabegani mwake kana kwamba mwili uliokuwa ndani umepungua.

Shimo lilikuwa wazi.

Udongo ulikuwa umetupwa huku na huku, mbichi, umefukuliwa asubuhi hiyo hiyo. Chini kulikuwa na magamba, matenga matupu, na nzi ambao walikuwa wametua na kufa pale pale. Samaki hakuwepo hata mmoja. Kutoka ukingoni mpaka njia ya mikokoteni palikuwa na alama ya tairi la pikipiki, imezama kwa uzito.

Mtendaji aliuliza nani mwingine aliyelijua shimo. Donatus alikuwa ameketi juu ya udongo.

"Mwigulu. Ndiye tuliyefukia naye."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia wamezidi. Kwamba wakionekana wameachwa watu watasema tumevua kwa uroho, tutanyang'anywa ushindi. Sikumwambia dawa."

Justina akakumbuka hakumwona shemeji yake kanisani. Mtendaji akapiga simu ya Mwigulu, haikupatikana. Akapiga tena. Padre alikuwa ameshaanza kurudi kwa hatua ndefu kuelekea kigangoni, akitafuta ufunguo wa gari mfukoni.

Uwanjani waliuliza. Charles, dereva wa bodaboda wa Senta, akasema alipishana na Mwigulu asubuhi njia panda, watu wakiwa wanaingia Misa. Alikuwa amefunga viroba viwili vikubwa nyuma ya pikipiki, anaelekea machimbo ya dhahabu ya Isalilo. Charles alimtania kwamba anakimbia Misa. Mwigulu akamjibu kwamba kaka yake ana moyo wa ajabu, anafukia chakula ardhini wakati wachimbaji wanashindia michembe ya viazi vikavu. Alisema anakwenda kuwalisha watu.

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Mtendaji akabaki na Donatus, amemshika mkono wa koti. Donatus hakujitetea wala hakuomba kwenda. Alimwambia mkewe tu kwamba Mwigulu hana mke wa kumwangalia.

Gari la parokia lilichukua dakika arobaini kufika Isalilo. Charles alitangulia na pikipiki, vumbi lake likiwa mbele yao njia nzima. Madamu Samaki alipiga simu zahanati, akapiga simu kwa daktari anayemfahamu, akaeleza jina la dawa, akaulizwa wangapi wamekula, akasema hajui. Justina alikaa nyuma, kiganja chake kilichoungua kikianza kutoa malengelenge, na njia nzima alikuwa anapanga maneno atakayowaambia watu wasiomfahamu.

Isalilo haijui Jumapili. Karasha zilikuwa zinasaga mawe, muziki unatoka vibandani, wanawake wanachekecha udongo kwenye mabeseni. Charles akawapeleka moja kwa moja kwa Mama Adam, mama ntilie mwenye jiko kubwa kuliko wote, kwa sababu pikipiki ya Mwigulu ilikuwa imeegeshwa mlangoni.

Viroba vyote viwili vilikuwa vinaning'inia kwenye kamba, vimefuliwa, vinakauka.

Mwigulu alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake, ameegemea mabati. Shati lake lilikuwa limelowa jasho kifuani kote, na kidevu kilikuwa kinang'aa. Alikuwa anajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kisha anajifuta tena. Kope la jicho moja lilikuwa linarukaruka.

Justina akasimama mbele yake, hatua tatu hivi.

"Nani huyo?" Mwigulu akauliza.

"Ni mimi, shemeji."

"Aa, shemeji. Karibu. Sogea, humu ndani wamejaza moshi, sioni vizuri."

Jiko lilikuwa limeshazimwa. Hapakuwa na moshi.

Madamu Samaki akapiga magoti kando ya Mwigulu, akamshika kichwa, akamfungua jicho kwa vidole viwili. Akamtazama Padre, na Padre akakimbia kurudisha gari nyuma mpaka kwenye benchi. Mama Adam akatoka ndani na kitambaa begani, akauliza kuna nini, huyu kijana si alikuwa mzima, kala samaki wake mwenyewe sahani mbili na kucheka na kila mtu.

Justina akamwambia. Yale maneno aliyoyapanga njia nzima hayakuja, akasema ya uwanjani tu, kwamba samaki wameuawa kwa dawa ya pamba na aliyeitoa ni yeye. Kisha akamwuliza samaki waliobaki wako wapi.

Mama Adam alijibu kwamba hakuna waliobaki. Alipokea viroba saa tatu, saa nne supu ilikuwa tayari, saa tano sufuria imekwisha. Vijana wa zamu ya mchana ndio waliokula, kumi na wanne, na waliondoka wanamsifu.

"Wameondoka kwenda wapi?"

Mama Adam akanyoosha mkono kuelekea kwenye duara kubwa, shimo la kushukia wachimbaji, nyuma ya karasha, lile lenye kuta za magogo na kamba nene inayoingia gizani.

Justina akakimbia. Alimkuta mzee mmoja amekaa ukingoni, amekamata ile kamba kwa kiganja, kazi yake ikiwa kuisikiliza. Walio chini wakitaka kitu huivuta. Mara moja ni maji, mara mbili ni kupandisha kiroba cha mawe, mara tatu ni mtu.

Justina akamwuliza, pumzi zimemwishia, mara ya mwisho wameivuta saa ngapi.

Mzee akaitazama kamba, kana kwamba swali lile ndilo lililomfanya aione.

"Toka washuke," akasema, "haijavutwa."